Nimeachia jiko la mgahawa, sasa naandika: uzi kwa waliostaafu biashara ya chakula

#1 · Mwanzisha uzi (Korogwe)

Wanajamvi, salaam. Wakubwa zangu shikamooni, vijana hamjambo.

Nimeendesha mgahawa hapa Korogwe kwa zaidi ya miaka 20, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Magoti yalipokataa kusimama jikoni kutwa nzima nikamwachia jiko mpishi wangu, nikarudi nyumbani, na sasa kazi yangu ni kuandika. Nina mkusanyiko wa hadithi unaokaribia kukamilika. Wenzangu wa biashara wakisikia wananifuata. Kuna mama lishe waliopumzika, kuna mzee mmoja aliyekuwa na hoteli ya nguvu Tanga mjini, na wote maneno yao ni yaleyale: "Na mimi nina mengi, sijui naanzia wapi." Ndiyo sababu ya uzi huu.

Mtu aliyekaa kaunta ya mgahawa miaka mingi anajua namna watu wanavyozungumza wakiwa na njaa, wakiwa na haraka, na wanapoficha kwamba hawana hela. Hiyo ni elimu. Anayestaafu akajiona mikono mitupu kwa sababu hakusoma sana anajidhulumu, na sisi wasomaji anatudhulumu pia.

Waliofanya kazi ya mabasi wananielewa. Konda alikuwa ananipigia simu ya kwanza akivuka Wami: "Mama, nakuja na hamsini na tano, wengi wali kuku." Simu ya pili akipita Segera, na hapo jiko zima linabadilika. Sahani zinatandazwa kwenye meza ndefu, kuku anarudishwa mafutani, kachumbari inakamuliwa ndimu dakika za mwisho isije ikachuja maji. Basi likisimama abiria wana dakika 20, na choo humohumo.

Ndani ya dakika hizo nimemwona mama akinunua sahani moja kwa watoto wanne na kuwaambia yeye ameshiba tangu Chalinze. Nimemwona bwana akiagiza chakula cha watu wawili, akakaa ameupa mgongo mlango ambao mkewe angeingilia. Anayekwenda msibani hata husubiri kumuuliza, maana haangalii chakula, anaangalia mlango wa basi. Meza ya nyuma ilikuwa ya dereva na konda, ambao kama mjuavyo hawalipi, na habari zote za barabara zilitua pale kwanza. Ajali tulizisikia kwenye meza ile kabla redio haijatangaza.

Miaka yote hiyo sikuandika hata mstari. Nafasi haikuwepo, na nisingeshauri mtu mwenye mgahawa unaochemka ajaribu. Lakini vitu havikupotea. Nilipokaa nyumbani vikaanza kurudi vyenyewe, na sauti zake.

Mwili wangu umezoea kuamka saa kumi alfajiri kukanda unga. Unga haupo tena, saa kumi bado ipo. Nawasha taa, nachemsha chai ya rangi, naandika mpaka kunapambazuka. Naandika kwa mkono kwenye kauntabuku, kisha mjukuu ananisaidia kuingiza kwenye kompyuta.

Waliojaribu waje. Wanaosita pia waje, tuulizane.

#2 · Mchangiaji (Morogoro)

Shikamoo mama. Nimevuta kiti cha mbele kabisa. Hiyo ya bwana aliyeupa mgongo mlango naomba uirudie baadaye, ilikwishaje?

#3 · Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mama heshima yako. Mimi nauza vitabu na vifaa vya shule, nakwambia kwa nia njema. Hadithi zinatembea polepole. Kwa nini usiandike kitabu cha mapishi? Jina unalo, uzoefu unao, na wanaooa na kuolewa kila siku wanatafuta namna ya kupika pilau. Ningekuwa wewe ningeanzia hapo, hadithi zifuate.

#4 · Mwanzisha uzi

#2, marahaba mwanangu. Mke aliingia. Mengine yamo kitabuni.

#3, marahaba. Wazo lako ni la maana na mtu wa mgahawa alichukue kwa uzito, ila ajue ni kazi yake peke yake. Jikoni kwangu pilau ilikuwa ya kilo 15 za mchele kwa mpigo. Chumvi nilipima kwa kiganja, maji nilipima kwa jicho na mwiko. Ukimwandikia bibi harusi wa Kinondoni "chumvi kiasi" umemtupa mtoni. Lazima upike upya kwa sufuria ndogo, upime kwa kikombe na kijiko, uandike, upike tena. Anayeweza na afanye hivyo, hasa kwa vyakula vya kwetu ambavyo havijaandikwa vya kutosha. Makande ya Usambaani na Upareni kila nyumba ina yake, na bibi zetu wanaondoka nayo. Ningekinunua kitabu hicho siku ya kwanza.

Mimi moyo wangu uko kwa waliokula.

Na watu huniambia kuandika ni kama kupika. Sikubali. Wali ukiungua saa sita, saa saba umeshainjika mwingine na mteja hajui. Saa tatu usiku unaosha sufuria, siku imekwisha, unalala. Hadithi haikuachi ulale hivyo. Nimekaa na ukurasa mmoja mwezi mzima haujakaa sawa, na hakuna mteja wa kuniharakisha. Mtu wa mgahawa atakayetegemea kumaliza kila siku jioni atakata tamaa wiki ya pili. Ajiandae kwa hilo kuliko jambo lingine lolote.

#5 · Mchangiaji (Arusha)

Mama mimi ni mwanaume wa miaka 63, nilikuwa na sehemu ya nyama choma na supu huku, nimefunga. Darasa la saba. Nilinunua daftari zuri nikaanza "Nilizaliwa mwaka…" Ukurasa wa pili nikakauka. Kila nikisoma naona kama barua ya kuomba kazi. Nauliza mambo mawili. Mtu wa darasa la saba kweli anaandika kitabu watu wakasoma? Na ukikauka unafanyaje?

#6 · Mchangiaji (Dar es Salaam, mhariri)

Naomba nilijibu la kwanza, maana nimehariri miswada kwa muda mrefu na swali hili linanikera kila likija, kwa sababu limewanyamazisha watu wengi wazuri.

Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyetupa Bwana Msa, yule mpelelezi wa hadithi zake, alianza maisha ya kazi kama mkaguzi katika idara ya afya, yaani bwana afya yuleyule ambaye ninyi watu wa migahawa mnamjua vizuri. Uhariri wa magazeti ulifuata baadaye. Hadithi yake ya kwanza ya upelelezi ilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 50 na ikatoka kitabu mwaka 1960. Huwa nawaza mtu aliyeingia majikoni na stoo za watu kwa kazi, akizoea kuangalia kilichofichwa nyuma ya mlango, alikuwa anajifunza upelelezi bila kutumwa. Hilo ni langu, yeye hakulisema.

Na umri usiutaje. Marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi alizindua kumbukumbu za maisha yake Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Mzee wa 63, una muda.

Kiswahili chako kwenye swali lako kimenyooka kuliko miswada mingi ninayoletewa na wenye shahada. Tahajia ni kazi yetu wahariri. Masikio hatuwezi kukupa.

La pili namwachia mama.

#7 · Mwanzisha uzi

Kaka yangu wa Arusha, hilo la kukauka lina dawa, na dawa unayo ndani ya nyumba kama hukulichoma. Daftari la madeni.

Mimi nilikuwa nayo mengi, yamefungwa kwa mpira kwenye sanduku. Nililitoa la kwanza nikitaka kujua nani bado ananidai na nani namdai, nikajikuta nimekaa sakafuni mpaka adhuhuri. Kila mstari ni mtu. "Fundi baiskeli, chai 2, chapati 4." Mistari inafuatana hivyo, halafu wiki moja ikawa "chai 1, chapati 1", na wiki iliyofuata jina lake halipo. Nilikumbuka mara moja. Ndiyo wiki aliyoanza kumpelekea mkewe chakula hospitali, akawa anajinyima. Daftari halikusema hivyo. Lilisema chapati moja.

Fanya hivi. Usianze na kuzaliwa kwako, hakuna aliyekuuliza bado. Chukua mstari mmoja wa deni. Andika jina, lakini libadilishe. Andika alikaa meza gani, alikuja saa ngapi, mikono yake ilikuwaje, alisema nini alipoomba umwandikie. Maneno yenyewe, kama alivyoyasema. Mmeru alisema kama Mmeru, Mchaga kama Mchaga. Usimsahihishie Kiswahili chake. Ukimaliza mtu huyo, funga daftari. Kesho mwingine.

Siku 30 za hivyo utakuwa na watu 30, na wawili au watatu kati yao watakuwa wanakataa kuondoka. Hao ndio kitabu.

Kama madaftari yamepotea, chukua meza. Kila mgahawa una meza ya mlangoni, meza ya ukutani, meza ambayo hakuna anayeipenda. Andika nani alikuwa anakaa pale na kwa nini.

#8 · Mchangiaji (Dodoma)

Shikamoo mama. Nitasema kitu ambacho labda hakitapendeza.

Mimi nilikuwa mhudumu, sikuwahi kuwa mwenye mgahawa. Nimebeba sahani miaka mingi kwenye migahawa ya barabarani. Tajiri wangu mmoja alikuwa mtu wa kuandika mitandaoni. Siku moja nikakuta maisha yangu pale. Nilivyoachwa na mume, nilivyokuja na mtoto mgongoni, alivyonipa kazi. Jina hakuweka, ila picha ya nyuma ya mgahawa ilikuwepo na kijijini kila mtu alijua ni mimi. Watu walimsifu sana kwa moyo wake mzuri. Mimi sikuulizwa. Mambo yale nilimwambia usiku tukiosha vyombo.

Sasa naona hapa mnashauriana kufungua madaftari ya madeni. Fundi baiskeli alikopa chapati, hakukopa aandikwe. Wenye migahawa mlitusikiliza kwa sababu tulikuwa tunakula kwenu au tunafanya kazi kwenu. Tulikuwa hatuna pa kwenda. Naomba kujua mnaliwekaje hilo.

#9 · Mchangiaji (Mwanza)

#8 umeongea. Nasubiri majibu.

#10 · Mwanzisha uzi

Mwanangu wa Dodoma, marahaba, na pole sana. Umeuliza swali ambalo uzi huu ungekuwa bure bila hilo. Nimekaa nalo tangu jana.

Aliyekufanyia vile alichukua kisichokuwa chake. Kukupa kazi hakukumpa haki ya maisha yako. Ulimpa siri ukiwa na mikono kwenye maji ya vyombo, na siri ya namna ile ni amana.

Nieleze ninavyofanya. Mpishi niliyemwachia jiko ndiye hadithi ndefu kuliko zote nilizoandika. Alishuka kwenye basi akiwa msichana, hakupanda tena. Mengine ya kwake siyasemi hapa. Kabla sijaandika nilimwendea nikamwomba. Akasema tuone. Nikawa nikimaliza sehemu naenda mgahawani mchana wateja wakipungua, yeye anachambua mchele kwenye ungo, mimi namsomea kwa sauti.

Siku ya kwanza alisikiliza mpaka mwisho, hakuinua uso. Kisha akasema, "Hapo pa baba wa kambo toa. Mama yangu bado yuko hai." Nikatoa. Ilikuwa kurasa nne, na zilikuwa nzuri. Siku nyingine nilikuwa nimeandika kwamba alilia basi lilipoondoka. Akacheka kidogo akasema, "Sikulia mimi. Nilikuwa na njaa." Nikafuta machozi, nikaweka njaa. Mhariri wetu hapo juu atakubali kwamba njaa ni bora. Mahali alikokuwa anakwenda amenitaka nibadilishe, nimebadilisha. Begi lake nimelibadilisha rangi. Hadithi ikitoka na ikipata chochote, tumeshaandikiana kwamba ana fungu lake, na ameweka dole gumba kwa hiari ingawa kusoma anajua, alisema anataka ionekane.

Kuhusu abiria wa dakika 20 nisiowajua majina, nachukua kitendo, simchukui mtu. Mama wa sahani moja hawezi kujulikana na yeyote, hata na mimi nikikutana naye leo. Fundi baiskeli ni marehemu. Nilimwendea mkewe. Alifurahi, akaniongezea mambo ambayo sikuyajua, na jina nimebadilisha pamoja na kazi. Kwenye kitabu anashona viatu.

Wapo niliowaendea wakakataa. Mmoja ni dereva, hadithi yake ingeuza kuliko zote. Haimo.

Nikwambie na jambo la pili. Wewe uliyebeba sahani, andika mwenyewe. Mimi nilikaa kaunta. Wewe uliingia mezani. Tulioona kutoka kaunta tumeona nusu, na kama tutaandika peke yetu, migahawa yote ya nchi hii itasomeka upande wa wenye mali.

#11 · Mchangiaji (Dodoma)

Asante mama. Hilo la dole gumba limeniingia. Nitafikiri hilo la mwisho.

#12 · Mchangiaji (Mombasa)

Assalamu alaykum jamaani. Nami ni wa mlango huo. Marehemu babangu alikuwa na hoteli Mombasa, mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni, nami nikairithi hata nikachoka. Sasa ninatunga. Sikuanza na hadithi, nilianza na mashairi, kwa kuwa shairi lamalizika kwa kikao kimoja na mtu aliyezoea kufunga hesabu kila jioni apata nafuu. Mamangu wa Korogwe amesema kweli kuhusu kutomaliza. Mimi hilo lilinisumbua mno, na beti ndizo zilizonivusha. Gazeti la Taifa Leo limekuwa likichapa mashairi ya wasomaji miaka na mikaka, basi mtu apeleka, asubiri, aona jina lake. Kwa mwanafunzi mpya wa miaka sitini hilo lampa nguvu.

Jambo jengine. Hoteli ilikuwa na ghasia, nami sikujua kwamba nilihitaji ghasia hizo. Nyumbani kimya kilinishinda kabisa. Siku hizi hukaa kwenye hoteli ya mwenzangu, kikombe kimoja cha chai, nikatunga hapo watu wakipita. Waliostaafu wasijifungie chumbani wakidhani ndivyo waandishi wafanyavyo.

Na dada yangu wa Dodoma, Mungu akupe subira. Andika.

#13 · Mchangiaji (Kahama)

Nashukuru kwa madini haya. Swali la pesa sasa. Kuna jamaa alimwambia mama yangu mkubwa (alikuwa na mgahawa mgodini) alipe, kitabu kitoke nakala 1,000. Amelipa akiba yake ya uzeeni karibu yote. Nakala zipo chumbani, zimeliwa na mchwa upande mmoja. Kwenye jalada jina lake limekosewa. Tufanyeje wengine yasitupate?

#14 · Mchangiaji (Dar es Salaam, mhariri)

Mpe pole mama mkubwa. Nitaandika kwa urefu kidogo.

Kuna njia mbili na watu wanazichanganya. Mchapishaji wa kweli halipwi na mwandishi. Anausoma mswada, akiupenda anagharamia uhariri, jalada na uchapaji, nawe unapata mrabaha, yaani fungu lako, kwa kila nakala inayouzwa. Asilimia 10 ni kiwango cha kawaida. Njia ya pili ni kujichapia mwenyewe, ambayo si aibu, lakini hapo wewe ndiye tajiri na mwenye mashine ni fundi wako. Anayejiita mchapishaji huku anakudai hela ni fundi, basi mchukulie kama fundi. Dai sampuli, dai kusoma kurasa za mwisho kabla hazijaingia mashineni, lipa kwa awamu. Watu wa mgahawa hamuwezi kumlipa muuza mkaa magunia yote kabla hajashusha hata moja, kwa nini mnamlipa wa kitabu?

Na usichape 1,000. Chapa chache, uza, chapa tena.

Mkataba usome mstari kwa mstari. Neno "haki zote" likikaa pale bila muda wala mipaka, usitie saini. Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi ni yako tangu unapoiandika, na haki hiyo inaendelea miaka 50 baada ya kufa kwako, inarithiwa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia kwenye ushahidi mkigombana na mtu. Namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, inatolewa na Maktaba ya Taifa, usikubali mtu akuuzie kama vile ni siri.

Tuzo zipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitoa washindi wake wa kwanza 13 Aprili 2023, na mshindi wa kwanza wa kila kundi alipata shilingi milioni 10. Ipo ya Safal, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ya miswada ya Kiswahili kutoka popote Afrika. Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wamechapa baadhi ya miswada iliyoshinda hiyo. Faida kubwa ya tuzo kwa mtu aliyestaafu, kwa maoni yangu, ni tarehe ya mwisho. Mama kasema hana mteja wa kumharakisha. Tuzo inaharakisha.

Ukitaka wenzako, waandishi wa riwaya wana umoja wao wa UWARIDI. Kwa aliye Dar, Soma Book Café pale Mikocheni huwa na mikutano ya vitabu. Halafu wapo wanaouza hadithi kwa sehemu kwenye magrupu ya WhatsApp, msomaji anatuma hela kwa simu, sehemu inayofuata inakuja. Sidharau. Wengine wanaishi kwa hilo. Ila linakulazimisha kuacha kila sehemu kwenye roho juu, na si kila hadithi inataka hivyo.

#15 · Mchangiaji (Morogoro)

Mama tumesoma mengi, sasa tuonjeshe. Kipande kidogo tu.

#16 · Mwanzisha uzi

Nimemuuliza mpishi wangu mwenyewe, amekubali kiwekwe hiki na si kingine.

*Konda hakukaa. Alisimama mlangoni na sahani mkononi, anakula huku anahesabu vichwa kupitia madirisha. Hamsini na tatu. Akarudia. Hamsini na tatu. Dereva alishapiga honi mara mbili.*

*"Nani amebaki?"*

*"Yule msichana wa begi la kijani."*

*Niliangalia chooni, hayupo. Nikazunguka nyuma ya jiko. Alikuwa amechuchumaa kwenye beseni la vyombo, povu limempanda mpaka kwenye viwiko, na sahani tano safi zimeegeshwa ukutani kando yake. Hakuna aliyemtuma.*

*"Basi linaondoka," nikamwambia.*

*"Najua, mama."*

*"Nauli umelipa mpaka wapi?"*

*"Mpaka Moshi."*

*Akachukua sahani ya sita.*

#17 · Mchangiaji (Mwanza)

Mama. Nimesoma mara tatu.

#18 · Mchangiaji (Dar es Salaam, mhariri)

Kazi safi. Nina pendekezo moja. "Hakuna aliyemtuma" ningeikata. Tumeshaona sahani tano, tumeelewa.

#19 · Mwanzisha uzi

Nimeifikiria na nitaiacha. Wewe umeelewa kwa sababu umesoma vitabu vingi. Mimi nataka ieleweke na mtu wa jikoni, na mtu wa jikoni swali lake la kwanza akiona mgeni anaosha vyombo vyake litakuwa hilohilo, nani kamtuma? Mstari ule ni wa mwenye mgahawa aliyesimama pale. Ni mawazo yake, si maelezo kwa msomaji.

Lakini sentensi nyingine ulizonipendekezea pembeni nizikate, nimezikata zote, na asante.

#20 · Mchangiaji (Dar es Salaam, mhariri)

Umenishinda kwa hoja. Ibaki.

#21 · Mchangiaji (Arusha)

Mama, mimi yule wa nyama choma. Madaftari mke wangu aliyatumia kuwashia jiko, nimechukua meza kama ulivyosema. Naweka hapa, msinihurumie.

*Meza ya chini ya mti wa mkungu hakuna aliyeipenda kwa sababu ya majani kuangukia nyama. Mzee mmoja wa machimbo ya Mererani aliipenda. Alikuwa anaagiza supu ya shilingi mia tano na pilipili nyingi. Hakuwa anazungumza. Siku moja alikuja na watu sita akaagiza mbuzi mzima, wote wamevaa nguo mpya, akalipa noti tupu. Wiki ya pili yake alirudi peke yake, akakaa palepale, akaagiza supu.*

Hapo nimekwama. Naona kuna kitu ila sijui niende wapi.

#22 · Mwanzisha uzi

Kaka yangu, hujakwama, umefika mahali penyewe. Supu hiyo ya mwisho aliilipia, au aliomba umwandikie? Na kama aliomba, alisemaje, na wewe ulimjibu nini mbele ya wateja wengine waliomwona na yule mbuzi? Andika hayo mazungumzo tu, usieleze anachojisikia. Na zile noti, sema zilikuwa wapi. Mfukoni, kwenye soksi, kwenye mfuko wa nailoni? Mtu wa machimbo anajua pa kuziweka.

Lete hapa kabla ya Ijumaa. Na wewe wa Dodoma, nimeona uko kwenye uzi tangu asubuhi. Ukiwa na ukurasa na hutaki uonekane na wote, nitumie kwenye ujumbe wa siri, nitakusomea mimi peke yangu.